Shanga za Bibi Hazikuwa za Kila Rangi

Nimesikia zaidi ya mara moja, hapa Igoma, Mwanza, na kwenye ngoma za Kisukuma za Bulabo kule Bujora, wachezaji wa kike wakisifiwa kwamba wamevaa kama bibi zetu wa miaka 300 iliyopita. Lakini wamevaa khanga, na khanga ilizaliwa pwani katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Hata kaniki, ambayo wengi wetu tunaiita vazi la asili la Kisukuma, ilitiwa nili India na kufika huku mabegani mwa wapagazi. Bibi wa miaka ya 1700 alivaa ngozi iliyolainishwa kwa mafuta. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Buganda, walivaa gome la mti.

Mimi humshauri mshonaji wa mavazi ya ngoma ahamie karne ya 19, maana huko kuna shahidi. Mpelelezi Mwingereza Speke alipoliona ziwa hilo hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, mwenzake Burton alikuwa amebaki Kaze, Tabora, akiandika maelezo yake. Kitabu chake cha 1860 kimejaa dharau kwa watu wetu, na siitetei. Lakini kiambatisho chake cha biashara, ambacho wachache hukifikia, ni hazina kwa anayevisha ngoma.

Humo mna kitindi, waya mnene wa shaba uliozungushwa mkononi kama springi. Mna sambo, vikuku vyembamba vya mguuni, waya uliosokotwa juu ya singa. Zaidi ya yote mna shanga, kila aina na jina lake. Samesame nyekundu iliitwa pia kifunja-mji, yaani kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoililia.

Wako wanaosema shanga zilikuwa takataka za kuwalaghai washamba. Hoja hiyo haistahili muda wetu. Kila nchi ilikuwa na shanga yake, na msafara uliokuja na rangi isiyotakiwa ulilala njaa huku mizigo imejaa. Mafundi wa Venice walichoma kioo kwa kufuata macho ya wanawake wa bara. Kwa hiyo kumrundikia mchezaji plastiki za rangi saba ni kumvua bibi uchaguzi wake.

Shanga zilipimwa kwa kete: kutoka ncha ya kidole gumba hadi kiwiko, kwenda na kurudi, karibu sawa na kuzunguka shingo mara mbili. Kete 10 zilikuwa fundo moja. Mwaka huu nimetunga kete tatu nyekundu kwa ajili ya binti mmoja wa kikundi chetu. Ya kwanza niliitungia mshipi wa kuvulia samaki, ikasimama shingoni kama kola, haikugusa ngozi. Nikaifumua. Mbili zilizofuata nilizitungia uzi wa ukindu uliolowekwa usiku kucha. Zililala juu ya mtulinga, na alipotikisa mabega zilitikisika naye.