Freddie Hubbard, mpiga tarumbeta wa Uhuru Afrika

Freddie Hubbard alizaliwa Indianapolis, Marekani, tarehe 7 Aprili 1938. Ujanani alipiga muziki na ndugu wa familia ya Montgomery, akiwemo mpiga gitaa mashuhuri Wes. Mwaka 1958 alihamia New York na kwa muda akakaa nyumba moja na mpiga saksafoni Eric Dolphy. Alikuwa na pumzi nyingi, sauti nene yenye kung'aa na vidole vyepesi, na viongozi wa bendi hawakukawia kumgombania. Juni 1960 kampuni ya rekodi ya Blue Note ikamrekodia albamu yake ya kwanza, Open Sesame.

Novemba mwaka huohuo aliitwa kwenye kazi ambayo Waswahili wana haki ya kuihesabu kuwa yao. Mpiga piano Randy Weston alikuwa ametunga Uhuru Afrika, muziki wa sehemu nne wa kuzishangilia nchi za Afrika. Mwaka huo peke yake, 17 zilijitawala. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike. Aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Mshairi Langston Hughes akaandika shairi, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga, ambaye baadaye alikuwa mbunge, akalitafsiri na kulisoma mwenyewe mwanzoni mwa albamu. Sehemu ya kwanza iliitwa Uhuru Kwanza, ya mwisho Kucheza Blues.

Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, ndiye aliyewapangia muziki huo wanamuziki zaidi ya 20. Hubbard, kijana wa miaka 22, alikaa safu moja ya tarumbeta na Benny Bailey, Richard Williams na Clark Terry, mkongwe aliyepitia bendi ya Duke Ellington. Kwenye ngoma walikuwapo Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido Camero na Armando Peraza wa Cuba, pamoja na Max Roach. Mwaka 1964 serikali ya Makaburu iliipiga marufuku albamu hiyo Afrika Kusini.

Mwezi mmoja tu baada ya Uhuru Afrika, Hubbard aliingia studio na mpiga saksafoni Ornette Coleman kurekodi Free Jazz, dakika 37 za kupiga bila mpango wa kodi (chords) uliowekwa kabla. Kuanzia 1961 hadi 1964 alikuwa na Jazz Messengers ya mpiga dramu Art Blakey, akiwa bega kwa bega na mpiga saksafoni Wayne Shorter. Alishiriki pia katika albamu Out to Lunch ya Dolphy, Maiden Voyage ya mpiga piano Herbie Hancock na Ascension ya mpiga saksafoni John Coltrane. Ni wapiga tarumbeta wachache sana waliokubalika kwa watu wenye njia tofauti kiasi hicho.

Red Clay, ya mwaka 1970, ndiyo albamu yake inayopendwa zaidi. First Light iliyokuja baadaye ilimpatia tuzo ya Grammy. Mwaka 1976 alisimama mahali pa mpiga tarumbeta Miles Davis katika kundi la V.S.O.P. la Hancock.

Upigaji wa nguvu bila kupasha midomo moto ulimgharimu. Mwaka 1992 mdomo wake wa juu ulipasuka, kidonda kikaoza, na uwezo wake wa zamani haukurudi. Alifariki California tarehe 29 Desemba 2008, baada ya mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 70.