Moto wa Mhunzi: Kutoka Makaa ya Samia Hadi Gesi ya Propani

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na maneno mhunzi, fuawe, koleo na mvukuto, akayakariri kana kwamba ni majina ya vitu vilivyokwisha kutoweka. Kwa mwanafunzi wa Busia au Tororo haifai kuwa hivyo. Vilima vya Samia, karibu na Ziwa Viktoria, vilikuwa na mtapo wa chuma, na Wasamia walisifika kwa uhunzi tangu kale. Majembe yao yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka miongoni mwa jirani zao, Wajaluo wakiwamo. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mpaka ukawaacha Wasamia pande zote mbili.

Yafaa tuitazame kazi ya makaa katika tanuri la zamani. Mtapo ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Makaa, yakipulizwa kwa mivukuto, huinyang'anya chuma oksijeni hiyo. Kinachosalia ni chuma, pamoja na yale masazo ambayo Kiswahili, bila haya yoyote, huyaita mavi ya chuma. Makaa basi hayakuwa moto tu, bali yalikuwa pia dawa ya kukitenga chuma na mawe.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na nyingine ikapitia Tororo hata ikafika Kampala mwaka 1931. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalienea, na kazi ya kuyeyusha mtapo ikafifia. Mhunzi hakufa njaa. Aligeukia vyuma chakavu, springi za magari na kadhalika, akaendelea kufua mapanga, mashoka na majembe. Lakini tangu hapo makaa yamebakiwa na kazi moja tu, yaani joto. Na kazi ya joto peke yake yaweza kufanywa na kitu kingine.

Kitu hicho ni propani. Mwaka 1910 huko Marekani, mkemia Walter Snelling alichunguza mivuke iliyokuwa ikitoroka katika petroli, akaipata gesi hii, na mwaka 1913 akapewa hataza ya njia ya kuitenga. Hugeuka mvuke katika nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri, lakini ikishindiliwa mtunguni hukaa kama maji. Ikitoka kwa kasi kwenye kichomeo huvuta hewa yenyewe, na chuma hupata joto la kufuliwa pasipo mtu wa kuvukuta.

Wahunzi wengi wangali wanatumia makaa, na sababu yao ina uzito: makaa hununuliwa kwa debe, kadiri ya kazi ya siku, ilhali mtungi wataka fedha nyingi kwa mara moja. Hata hivyo miti inapungua, na mwezi Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Kwa maoni yangu gesi itaingia vibandani polepole. Aghalabu kijana mwanagenzi huanzia kwenye mvukuto, na hapo ndipo anapojifunza kuitambua rangi ya chuma kilichoiva. Gesi ikimwondolea kazi hiyo, itabidi fundi amfundishe rangi hizo kwa maneno.