Kimondo kilikuja kimya, sisi tukatuma wimbo

Kimya kingi kina mshindo. Nilibanwa na mitihani, sasa nimepumua.

Kwetu ni Ruanda, Mbozi. Huko hata mtoto mdogo anakijua kimondo cha pale mlima Marengi, chuma kizito kilichodondoka toka angani. Wenyeji walikijua zamani, ila vitabu vinaanza kuhesabu 1930, alipokifikia mpima ardhi W. H. Nott. Basi juzi usiku bwenini nikajiuliza: kimondo kilikuja bila hodi, je na sisi tumewahi kupiga hodi huko juu?

Tumewahi. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, ili kama kuna viumbe huko mbali, siku moja wasikilize. Kamati ya mwanasayansi Carl Sagan iliweka mvua, fisi, mapigo ya moyo, muziki, na salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja cha majirani zetu wa Zambia, hapo ng'ambo ya Tunduma, kimo. Kiswahili? Hakimo, jamani!

Lakini kilichonigusa zaidi ni wimbo wa sekunde 56. Wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo mashariki, wanaimba wimbo wa unyago. Aliyerekodi ni Colin Turnbull, na jina lake limo kwenye orodha ya nyimbo. Majina ya wasichana hayamo. Mwaka 2012 Voyager 1 iliingia kwenye anga iliyo kati ya nyota. Sauti zao zimefika mbali mno, halafu hatujui tumshukuru nani!

Bahati nzuri kuna wanaorudi kwenye rekodi za namna hii. Mkenya Joseph Kamaru, msanii wa sauti anayejiita KMRU, mwaka 2022 alitoa albamu ya Temporary Stored, akitumia rekodi za Afrika zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Ukiisikiliza unabaki kujiuliza: sauti iliyochukuliwa inarudije nyumbani?

Mimi likizo hii nakwenda kumrekodi bibi akinisimulia habari za kimondo, kama atakubali. Na jina lake ndo nitaandika la kwanza, langu baadaye. Na wewe mdau, kwenu nani hajarekodiwa?