Mawe Yasiyochongwa: Umbo, Nafasi na Kazi ya Jiwe katika Kuta za Thimlich Ohinga

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori yapo maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, yanayokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, ambayo kuta zake, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zimesimama bila udongo wala chokaa ya kushikanisha jiwe na jiwe. Ohinga, ambalo wingi wake ni ohingni, ni neno la Dholuo lenye maana ya boma la mawe, na maboma ya aina hiyo, makubwa kwa madogo, yamehesabiwa zaidi ya 500 katika ukanda wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, mengi yakiwa katika iliyokuwa Nyanza Kusini, ambayo sasa ni kaunti za Migori na Homa Bay.

Tofauti na Zimbabwe Kuu, ambako matofali ya matale yalichongwa yakapangwa kwa safu zilizonyooka, mafundi wa Thimlich waliyatumia mawe jinsi yalivyookotwa, kwa hiyo jiwe lilipata jina la kazi yake kutokana na mahali lilipowekwa, si kutokana na umbo lake. Mawe ya uso, yaani yale makubwa yanayoonekana nje na ndani, yalipangwa katika kuta mbili zinazotazamana na kubanana kwa pembe na mabonyeo yake ya asili, ilhali katikati yalijazwa mawe madogo ya kiini, yaliyozizuia nyuso hizo zisiporomoke. Kwenye malango, mabamba marefu yalilazwa juu kama linta, yaani jiwe linalobeba uzito wa ukuta juu ya uwazi, na malango yenyewe yalifanywa mafupi ili anayeingia alazimike kuinama. Palipohitajika nguvu zaidi, ukuta uliongezewa egemeo, ambalo ni rundo lililopangwa la mawe ya kuutegemeza.

Fumbo la picha la vipande hukipa kila kipande nafasi moja tu. Fundi wa ohinga, kinyume chake, aliamua mwenyewe nafasi ya kila jiwe, na uamuzi huo ndio utaalamu mkubwa kuliko wote uliomo humo. Utaalamu huo haukuwa mali ya kabila moja, kwa kuwa wakazi wa mwanzo wanadhaniwa kuwa wasemaji wa lugha za Kibantu, na Wajaluo waliofuata waliendelea kuzikarabati kuta za maboma ya Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, wakiishi humo hadi karne ya 20.

Kenya iliyatangaza maboma hayo kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na UNESCO ikayaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Jiwe lililoanguka lirudishwe kwa mbinu ileile ya kubananisha, kwa maana saruji itakayomiminwa humo itafuta ushahidi wa ufundi uleule unaohifadhiwa.