Ndigana Kali

Ndigana kali ni maradhi ya ng'ombe yaenezwayo na kupe wa masikio, nayo yajulikana mno na Wairaqw wa Mbulu na Wabarbaig wa nyanda za Hanang, ambao aghalabu hupotelewa na ndama zaidi kuliko ng'ombe wakubwa. Kijidudu chake, Theileria parva, hakianzi kwa kudhuru misuli wala moyo, bali huingia katika chembe nyeupe za damu, zile zile zilizowekwa kuuhami mwili, kikazifanya zizaane pasipo kiasi (hila ya ajabu, maana adui huongezwa na askari mwenyewe); ndipo mitoki iliyo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, homa ikapita nyuzi 40, na hatimaye mapafu yakajaa maji, mnyama akafa kwa kukosa pumzi. Aponaye hupata kinga ya muda mrefu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Muguga, Kenya, walitengeneza katika miaka ya 1970 chanjo ya vijidudu hai, vingine vyenye asili ya Serengeti, idungwayo pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini. Chanjo hiyo haizuii ndigana baridi, ambayo ni maradhi mengine, wala haimwondolei mfugaji haja ya kuogesha mifugo.