Gari la spoti la mtumba kutoka Japani: gia za mkono au otomatiki?

Aliyeuza kahawa, korosho au tumbaku na kubakiwa na fedha ya gari mara nyingi hutafuta gari la kazi: Noah, Probox au Hilux. Lakini wapo wengi, hasa vijana, ambao macho yao yako kwenye Altezza, Subaru Impreza, Mark II yenye turbo au Mark X. Hatutawakataza. Swali linalotufikia mara kwa mara ni moja: nichukue ya manyuo au ya oto? Jibu linategemea gari lenyewe, barabara unayopita, fundi aliye karibu nawe, na watu watakaolishika usukani mbali na wewe.

Tuanze na sababu ya otomatiki kujaa sokoni. Magari mengi yanayoletwa Afrika Mashariki yametumika Japani, na mwaka 1991 Japani ilianzisha leseni ya magari ya otomatiki pekee. Wanafunzi wengi wa udereva huko waliichagua, na viwanda vikafuata wateja. Hata gari la spoti lilitengenezwa kwa namna mbili. Toyota Altezza, iliyouzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, ilipatikana na gia sita za mkono au na otomatiki. Impreza WRX vivyo hivyo. Mark X, kwa upande wake, karibu zote ni otomatiki, kwa hiyo anayeuliza Mark X ya manyuo anatafuta kitu adimu sana.

Uadimu huo una bei yake. Marekani inaruhusu kuingiza gari la nje ambalo halikutengenezwa kwa sheria zake likishatimiza miaka 25. Magari ya spoti ya Japani ya miaka ya 1990 yamefika umri huo, na wanunuzi wa Marekani wanayapigania kwenye minada ya Japani, hasa yenye turbo na gia za mkono. Altezza za kwanza zilitimiza miaka 25 mwaka 2023. Kwa hiyo ukiona ya gia za mkono inauzwa ghali kuliko mwenzake wa otomatiki wa mwaka huohuo, usidhani dalali amekuonea peke yako. Kwa Wakenya kuna jambo jingine: gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, hivyo Altezza zote zilizoko sokoni Kenya ni zile zilizokwisha kusajiliwa zamani na kupita mikononi mwa watu kadhaa. Tanzania haizuii, ila gari likizeeka ushuru wake huongezeka. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo kwenye tovuti yake, na inafaa ukipitie kwa simu kabla hujatuma hata shilingi moja.

Kinachotokea chini ya gari

Kwenye gia za mkono, injini na gia boksi vinaunganishwa na klachi: sahani iliyobanwa na chuma kwa nguvu ya springi. Ukikanyaga pedali, mbano unaachia. Ukiinua mguu, unarudi. Sahani hiyo huisha kama bitana za breki zinavyoisha, na ikiisha hununuliwa nyingine. Fundi wa mji mdogo anaweza kushusha gia boksi chini ya mwembe na kuibadilisha kwa siku moja.

Otomatiki ya kawaida haina klachi ya mguu. Mfano rahisi ni feni mbili zinazotazamana: ukiwasha moja, upepo wake huizungusha ya pili. Ndani ya otomatiki, badala ya upepo kuna oili. Injini huzungusha upande mmoja, oili hurushwa na kuzungusha upande wa pili, na gari huondoka taratibu bila kuzimika. Gia zenyewe hubadilishwa na klachi ndogo nyingi za ndani zinazobanwa na mgandamizo wa oili hiyohiyo. Kwa hiyo oili hapa haina kazi ya kulainisha tu. Ndiyo mkono unaobadilisha gia. Ikichafuka, ikipungua au ikichanganyika na maji, mkono huo unalegea.

Feni ya oili hupoteza nguvu kidogo. Kwenye otomatiki za zamani zenye gia nne unaisikia hasara hiyo: Impreza ya oto ya miaka ile huchelewa kuitika ukikanyaga mafuta, na hunywa zaidi. Otomatiki zilizofuata, zenye gia sita kama ya Mark X ya magurudumu mawili, zimepunguza pengo hilo sana. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema gari la spoti la otomatiki si spoti. Kwa gari la 2000 wana hoja. Kwa gari la 2010 hoja hiyo imechoka.

Ipo pia otomatiki isiyo na gia kabisa, inayotumia mkanda au mnyororo wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Fundi huziita sivitii. Subaru ilianza kuweka ya mnyororo kwenye Legacy mwaka 2009. Ni tulivu na inabana mafuta, lakini inataka oili yake maalumu, na ikiharibika mafundi wengi huishauri ibadilishwe nzima. Kwa mtu anayeishi kilomita 150 kutoka mji wenye spea, tungemshauri aiache.

Maji ya kisima na otomatiki

Hapa tukae kidogo, maana ndipo otomatiki nyingi za vijijini hufia, na wenye magari hawajui sababu.

Kwenye magari mengi ya Toyota na Subaru, oili ya otomatiki hupozwa ndani ya rejeta. Mrija wake mdogo umepita katikati ya maji ya injini, ukitenganishwa nayo na ukuta mwembamba wa chuma. Rejeta ikijazwa maji ya kisima au ya mto mwaka hadi mwaka, hasa maji yenye chumvi, ukuta huo huliwa na kutu. Siku ukitoboka, maji huingia kwenye oili ya gia. Klachi za ndani zimetengenezwa kwa karatasi ngumu iliyogandishwa kwenye chuma. Zikilowa maji hubanduka. Gari linaweza kuondoka nyumbani likiwa zima na kulala njiani kabla ya jua kuzama.

Dalili huonekana kwenye kijiti cha kupimia oili, kwa gari lililo nacho. Oili nzuri ni nyekundu na unaona kupitia kwake. Ya kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua inasema klachi za ndani zimechoka. Ya rangi ya waridi iliyofifia, nzito kama maziwa, imeingiwa maji, na hapo rudisha funguo kwa mwenyewe. Fungua pia mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa kabisa. Ukikuta maji ya kahawia ya kutu badala ya majimaji ya kijani au mekundu ya kupozea, umejua gari hilo limelishwa nini. Baadhi ya magari, Mark X ikiwemo, hayana kijiti hicho. Fundi hukagua kwa kufungua nati chini ya gia boksi.

Gia za mkono hazina tatizo hili. Oili yake imefungiwa peke yake, haikutani na rejeta popote. Ukitaka hoja moja tu ya kupendelea manyuo kwa gari la kijijini, ndiyo hii, wala haina uhusiano na kasi.

Betri ikifa usiku

Gari la kijijini si la mtu mmoja. Hata kama umelinunua kwa ajili ya kutamba barabarani, usiku wa manane jirani akishikwa na uchungu, mlango utakaogongwa ni wako. Betri ikiwa imekufa, gari la gia za mkono husukumwa na vijana wanne: swichi ionyeshe taa, gia ya pili, klachi chini, gari likishika mwendo unaachia klachi, linawaka. La otomatiki haliwaki hivyo, hata msukume mpaka kituo cha afya. Pampu ya oili ya gia huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezima, magurudumu hayawezi kuizungusha. Mwenye otomatiki awe na nyaya za kuazima moto kwenye buti, na ajue ni nani kijijini ana gari au betri ya sola ya volti 12 iliyo nzima.

Kuvutwa nako ni tofauti. La mkono likivutwa kwa kamba likiwa frii halidhuriki. Otomatiki ikivutwa mbali magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, huzunguka ndani bila oili kusukumwa na kujiunguza. Subaru ya magurudumu manne inapaswa kubebwa yote.

Lakini swali la jirani lina upande wa pili: nani ataendesha usipokuwepo? Mama watoto, kaka au mwalimu wa jirani akiwa amejifunza otomatiki tu, manyuo yako itabaki imeegeshwa wakati mgonjwa anasubiri. Kenya inatoa leseni ya daraja B1 kwa magari mepesi ya otomatiki, na mwenye nayo haruhusiwi gia za mkono. Tungeweka jambo hili mbele ya mambo ya turbo.

Milima na matope

Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga au Sekenke, au ukishuka kuelekea Mai Mahiu, gia za mkono hukupa utawala wa moja kwa moja: unashuka na gia ya tatu au ya pili, injini inashika gari, breki zinapumzika. Otomatiki nayo inaweza, ila madereva wengi huacha mkono kwenye D mwanzo hadi mwisho. Alama 2, L, au sehemu ya kuongeza na kupunguza gia kwa mkono zimewekwa kwa kazi hiyo. Na iwe gari lipi, usiweke frii ukidhani unabana mafuta. Injini za sasa hukata mafuta zenyewe ukitoa mguu gari likiwa kwenye gia mteremkoni. Ukiweka frii zinaanza kuyanywa ili zisizimike.

Kwenye matope otomatiki ni tulivu zaidi. Wengi waliounguza klachi wameiunguza wakijikwamua, mguu ukiwa nusu juu nusu chini huku injini ikilia. Magari ya spoti yako chini, na sufuria ya oili ya otomatiki huning'inia tumboni. Jiwe likiibonyeza, linaweza kubana njia ya chujio. Mtazame chini kabla ya kununua.

Kulijaribu kabla ya kulipa

La gia za mkono: likiwa limesimama mahali tambarare, vuta breki ya mkono kwa nguvu, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi taratibu. Linapaswa kuzimika mara moja. Likiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Barabarani, toka gia ya tatu kwenda ya pili. Ikikwaruza, pete za kulinganisha mwendo zimeliwa, na hiyo ni kazi ya kufungua gia boksi yenyewe. Sauti inayotokea ukikanyaga pedali ni beringi ya klachi, si ghali sana, ila gia boksi lazima ishushwe.

La otomatiki: sharti ulikute injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeliwasha kabla hujafika huenda anaficha kitu. Kanyaga breki, toa P kwenda R, kisha D. Lishike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kishindo. Liendeshe mpaka lipate moto, panda nalo kilima. Injini ikipandisha sauti bila mwendo kuongezeka, linateleza ndani. Kwa Subaru, zungusha usukani mpaka mwisho na utembee polepole kwa duara kwenye uwanja mkavu. Likigoma kama lililoshikwa breki, kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma kimechoka. Tazama pia taa ya joto la oili ya gia kwenye dashibodi. Ikimulikamulika mara baada ya kuwasha, kompyuta imehifadhi kosa.

Ukiagiza moja kwa moja Japani hutaweza kulijaribu, kwa hiyo omba karatasi ya mnada. FAT ni otomatiki, F5 na F6 ni gia tano au sita za mkono. Daraja R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Likiwa la spoti la manyuo, mlinganishe fundi namba ya gia boksi iliyo kwenye kibati cha chumba cha injini na kilichoko chini, kwa sababu wapo wanaobadilisha otomatiki kuwa manyuo ili kuvuna ile bei ya juu. Ubadilishaji si kosa ukifanywa vizuri, lakini bei haipaswi kuwa ya gari lililotoka kiwandani hivyo.

Ukishanunua, badilisha oili ya gia kabla ya safari ndefu ya kwanza. Ya otomatiki ikimwagwa hutoka sehemu tu, nyingine hubaki ndani, hivyo nunua aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na umwambie fundi arudie zoezi baada ya kilomita elfu kadhaa. Kama mwenye duka atakuambia oili zote nyekundu ni sawa, nenda duka linalofuata.