Kutoga masikio: Tofauti za njia zinazotumika na hatari zake

KUTOGA masikio, au kuyatoboa kama wasemavyo wengi siku hizi, ni desturi kongwe miongoni mwa jamii nyingi za Kenya. Wamaasai na Wasamburu walitoga ndewe, yaani ile nyama laini iliyo chini ya sikio, kisha wakalipanua tundu polepole kwa vipande vya mti. Huko Lamu, wanawake walivaa majasi ya dhahabu au fedha katika ndewe zilizopanuliwa, na kutoga matundu mengine kwenye ukingo wa sikio.

Kazi hiyo, ambayo zamani ilikuwa ya nyanya au shangazi, sasa hufanywa pia katika saluni, maduka ya sonara na zahanati. Aghalabu, anayetaka kutogwa huuliza ni njia ipi isiyo na maumivu makali au isiyo ghali. Hata hivyo, yapo maswali mawili yenye uzito zaidi: kifaa kitakachopenya ngozi kimesafishwa vipi, na kitapenya sehemu gani ya sikio?

Ndewe na gegedu

Ndewe haina gegedu. Ni ngozi na mafuta, na hupata damu ya kutosha. Kwa sababu hiyo kidonda chake hupona upesi, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8.

Sehemu ya juu ya sikio ina gegedu, ambalo halina mishipa yake ya damu bali hulishwa na utando mwembamba unaolifunika. Tundu la hapo huweza kuchukua miezi kadhaa, hata mwaka mzima, kabla ya kupona kabisa. Viini vikiingia humo, mwili hupata taabu kuvipiga vita, na dawa nazo huchelewa kufika. Gegedu likiharibika, sikio hunywea na kujikunja, na kulirejeshea umbo lake kwa upasuaji ni kazi ngumu.

Sindano ya nyumbani

Njia iliyozoeleka majumbani ni sindano ya kushonea na uzi. Ndewe hukandwa kwa barafu ili kupunguza maumivu, sindano hupitishwa kwenye moto, kisha hudungwa hadi upande wa pili. Uzi huachwa tunduni na kufungwa kitanzi, na baadaye hubadilishwa kwa kijiti au herini. Katika baadhi ya jamii mwiba ndio uliofanya kazi ya sindano.

Ubora wa njia hii ni kwamba haina gharama, na atogaye huwa ni mtu anayeaminika. Kasoro zake, hata hivyo, ni nyingi. Moto wa mshumaa au kibiriti huacha masizi kwenye sindano, na mara inaposhikwa tena kwa vidole huwa imechafuka upya. Uzi nao hufyonza majimaji ya kidonda na kuwa maskani ya bakteria. Hatari kubwa zaidi hutokea sindano moja inapotumiwa kwa watoto kadhaa siku hiyo hiyo, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B, na hata virusi vya Ukimwi, huweza kupita kwa damu kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Bastola ya kutogea

Kifaa hiki hutumika sana katika saluni na maduka ya vito. Springi iliyo ndani yake husukuma kipuli kwa nguvu kupitia ndewe, na kazi huisha kwa kufumba na kufumbua. Wazazi wengi hukipendelea kwa sababu mtoto hapati nafasi ya kujinasua.

Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bastola nyingi zina sehemu za plastiki zisizoweza kuhimili mtambo wa mvuke, ambao huua viini kwa joto la nyuzi 121 za Selsiasi au zaidi. Kupangusa kwa spiriti pekee hakutoshi, maadamu matone madogo ya damu yasiyoonekana kwa macho huweza kubaki kwenye kifaa. Isitoshe, kipuli chake huwa kifupi, na ndewe inapovimba hubanwa kati ya kito na kikomeo cha nyuma. Chama cha watogaji weledi cha Marekani, APP, kinapinga matumizi ya bastola za namna hii kwa sehemu yoyote ya mwili.

Zipo pia bastola zinazotumia kibweta kilichofungwa tayari kiwandani, ambacho hutupwa baada ya mteja mmoja. Hizo ni salama zaidi kuliko zile za zamani, almuradi zitumike kwa ndewe pekee.

Sindano yenye tundu

Sindano hii hufanana na ile ya hospitali. Hutolewa kwenye pakiti iliyofungwa, hutumika mara moja tu na kutupwa. Kwa kuwa ina makali, hukata njia ndogo badala ya kuisukuma nyama kwa nguvu. Atogaye huweza kuchagua kipuli kirefu kinachoacha nafasi ya uvimbe, na ndiyo maana watogaji weledi huitumia kwa gegedu.

Upungufu wake ni bei na haja ya ujuzi. Mtu asiyefunzwa huweza kupinda njia au kutoga mahali pasipofaa.

Je, bastola huliumiza gegedu kuliko sindano? Utafiti wa madaktari wa Uholanzi uliochapishwa mwaka wa 2008, uliolinganisha njia hizo kwenye masikio ya maiti, uligundua kwamba madhara kwa gegedu yalikaribiana. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba usafi na utunzaji vina uzito mkubwa kuliko umbo la kifaa.

Kisa cha Oregon kinathibitisha hayo. Mwaka wa 2000 katika jimbo hilo la Marekani, maafisa wa afya walithibitisha kwamba wateja 7 wa kibanda kimoja cha vito waliambukizwa bakteria aina ya Pseudomonas baada ya kutogwa gegedu kwa bastola. Chanzo kilikuwa chupa ya dawa ya kunyunyizia iliyochafuliwa na bakteria hao. Baadhi ya wagonjwa walilazwa hospitalini, na wengine wakabaki na masikio yenye kasoro. Dawa iliyokusudiwa kuua viini ndiyo iliyovieneza.

Keloidi na umri wa mtoto

Watu wenye ngozi nyeusi hupata keloidi, yaani kovu linaloota na kupita mipaka ya kidonda, mara nyingi zaidi kuliko weupe. Hakuna njia ya kutoga inayoondoa hatari hiyo. Utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba waliotogwa wakiwa na umri wa miaka 11 au zaidi walipata keloidi kwa wingi kuliko waliotogwa wakiwa wadogo. Mwenye historia ya keloidi, au ambaye jamaa zake wa karibu wanazo, anafaa kumwona daktari kwanza. Anaweza pia kuridhika na herini za kubana, ambazo hazihitaji tundu.

Kwa mtoto mchanga, ni busara kungoja amalize chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ambazo humkinga dhidi ya pepopunda na homa ya ini aina ya B.

Madini na utunzaji

Kipuli cha kwanza kinafaa kuwa cha titani au dhahabu isiyochanganywa na nikeli. Nikeli, inayopatikana katika vito vingi vya bei nafuu, huwasha ngozi za watu wengi, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kiasi chake kinachoruhusiwa kutoka kwenye vipuli.

Kidonda huoshwa mara mbili kwa siku, kwa mikono iliyonawiwa, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Robo kijiko cha chai cha chumvi hutosha kikombe kimoja. Spiriti ikitumiwa kila mara hukausha ngozi na kuchelewesha kupona.

Usaha, homa, wekundu unaoenea au maumivu makali sehemu ya juu ya sikio ni dalili za kwenda hospitalini bila kukawia. Kipuli kisitolewe kabla ya kuonana na daktari, kwani tundu huweza kujifunga na kuufungia usaha ndani.

Kabla ya kukubali kutogwa, mteja ana haki ya kuona pakiti ikifunguliwa mbele yake, mtogaji akivaa glavu mpya, na kifaa kilichotumika kikitupwa. Pale ambapo mambo hayo hayafanywi, ni heri kuondoka na masikio yasiyo na vipuli.